Kabla hujanunua balbu, panda usome holda

Niliitwa mtaa wa Pasiansi, Mwanza, kwa mama mmoja ambaye taa yake ya barazani ilikuwa inanuka. Nilipofungua kava ya kioo nikakuta wadudu wa ziwani wamekauka, wanajaa kiganja, na katikati yao balbu ya wati 100, ile ya zamani ya kutoa joto. Holda ya plastiki imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nikagusa waya, ganda lake likakatika kama tambi mbichi.

"Mimi nilitaka mwanga tu, fundi," akasema.

Holda ilikuwa imeandikwa: MAX 60W. Fuata hatua hizi yasikukute.

1. Zima meni swichi. Swichi ya ukutani haitoshi, kwa sababu kuna nyumba ambazo aliyefunga waya aliweka swichi ikate nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaoleta umeme). Taa inazimika lakini holda bado ina umeme. Hakikisha kwa testa, na kwanza ijaribu testa yenyewe mahali unapojua pana umeme.

2. Soma holda. Namba ile ni kikomo cha joto ambalo holda, waya na kava vinaweza kuhimili. Wengi wanadhani ni lazima ufunge balbu ya wati 60 ndiyo taa "ishibe". Hapana. Holda haimlazimishi mtu: balbu ndiyo inayovuta umeme inaouhitaji. Ya wati 5 itakaa humo raha mustarehe. Maandishi yakiwa yamefutika, mimi huwa sivuki wati 40 kwa balbu ya joto.

3. Soma balbu, si boksi. Boksi la LED linaweza kuandika "100W" kwa herufi kubwa, na pembeni 13W kwa herufi ndogo. Hiyo kubwa ni kulinganisha mwanga na balbu ya zamani; inayovutwa kwenye waya ni 13. Mwanga wenyewe unapimwa kwa lumeni: balbu ya joto ya wati 60 hutoa kama lumeni 700 hadi 800, na LED ya wati 9 hutoa karibu hizo hizo. Kwa hiyo yule mama angepata mwanga aliotaka bila kuvuka kikomo cha holda.

4. Angalia volti. Hapa ndipo watu wa mwaloni, kule wavuvi wanakoshushia samaki, wanapoumia. Taa za kuvulia dagaa nyingi ni za betri, volti 12, na baadhi zina kitako cha skruu sawasawa na cha balbu ya nyumbani. Kijana mmoja wa Kirumba aliichukua ya mtumbwini akaifunga sebuleni, kwenye volti 230. Ilipasuka kabla hajatoa mkono kwenye swichi. Alikuwa amesoma wati tu.

Wati ni volti mara ampea (kipimo cha mkondo wa umeme). Taa ya wati 12 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea 1. Ya wati 12 ya nyumbani, kwenye volti 230, inavuta kama ampea 0.05. Wati ni zile zile, lakini mkondo wa ile ya betri ni karibu mara ishirini, ndiyo maana waya wa mtumbwini unatakiwa kuwa mnene kuliko unavyodhani.

5. Hesabu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Balbu ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa 5 kila usiku inakula yuniti 0.3, yaani yuniti 9 kwa siku 30. LED ya wati 9 inakula 1.35. Kwa aliye kwenye tarifu ya wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, zidisha kwa idadi ya taa zako uone zinakula kiasi gani cha hizo 75.

6. Fikiria kava. LED nayo ina joto, nalo linakaa kwenye kitako, kule kwenye saketi yake. Ukiifungia ndani ya kioo kisichopumua inakufa mapema. Tafuta iliyoruhusiwa kwenye kava iliyofungwa, au tumia wati ndogo. Karibu na ziwa, safisha kava kila mwezi. Wadudu wanaziba mwanga na kutunza joto.

7. Jaribu. Washa, acha nusu saa, zima. Sogeza mgongo wa mkono taratibu kuelekea kava. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ukishindwa kuuacha hapo, shusha wati.