Mkopo wa haraka, kufilisika na kodi ya mapato Marekani: kianze kipi, kifuate kipi

Waswahili wengi walio Marekani, hasa wanaoendesha Uber au kupeleka vyakula vya DoorDash, hukutwa na mambo haya matatu kwa pamoja. Pango linakaribia, wanakopa. Deni linavimba, wanasikia habari za kufilisika, yaani kuiomba mahakama ifute madeni. Na huku fomu za kodi za mwaka uliopita bado ziko droo. Yanashikana kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo angalia mpangilio kabla ya kugusa lolote.

Fedha niliyokopa ni mapato?

Hapana. Haiandikwi popote kwenye fomu ya kodi, kwa kuwa utairudisha. Mambo hubadilika mkopeshaji akikusamehe dola 600 au zaidi: hapo hutoa fomu 1099-C, nakala moja kwako na nyingine kwa IRS (idara ya kodi ya Marekani), na deni lililosamehewa huhesabiwa kuwa mapato. Deni lililofutwa na mahakama ya ufilisi halitozwi kodi, ila lazima uambatishe fomu 982. Wengi huisahau, kisha wanashtushwa na barua ya IRS inayodai kodi ya deni lililokwishafutwa. Hata bila mahakama, kama siku ya msamaha madeni yako yalizidi mali zako, fomu hiyohiyo hukukinga kwa kiasi kile kilichozidi.

Mkopo wa siku ya mshahara

Huu ni mkopo mdogo (payday loan) unaotakiwa kurudishwa ukipata mshahara unaofuata. Ada ya kawaida ni dola 15 kwa kila 100, kwa wiki mbili. Kopa 300, unarudisha 345. Kwa hesabu ya mwaka hiyo ni riba ya asilimia 391. Madhara makubwa yako kwenye kuusogeza mbele, yaani kulipa ada tu ili upewe wiki mbili nyingine: ukiusogeza mara nne umeshalipa dola 180, na bado unadaiwa 345 zilezile.

Kama mkopeshaji huvuta fedha moja kwa moja benki, mwandikie kwamba unafuta ruhusa hiyo, kisha iagize benki isimamishe malipo angalau siku tatu za kazi kabla ya tarehe ya kuvutwa. Chukua nakala ya barua zote mbili. Anayekutisha kwamba utafungwa jela kwa kushindwa kulipa anakudanganya. Lakini samansi ya mahakama usiipuuze hata siku moja: usipojibu, hukumu hutolewa bila wewe, na baada yake mshahara unaweza kukatwa.

Kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo kuna mtego wake. Ada mara nyingi ni asilimia 5, na riba huanza siku ileile. Ukilipa kile kiwango cha chini tu, benki inaweza kukiweka kwenye deni la riba ndogo. Kinachozidi hapo ndicho ambacho sheria inataka kiende kwanza kwenye riba kubwa. Kwa hiyo ongeza chochote juu ya kiwango cha chini, hata dola 20.

Mapato ya gari na ya kazi za mkono

Mwenye faida ya dola 400 au zaidi kwa kujiajiri anatakiwa kupeleka fomu ya kodi, awe amepokea 1099 (karatasi ya malipo kutoka kwa aliyemlipa) au hakupokea. Ukiwa Uber, kiasi kilicho kwenye 1099-K ni nauli nzima, pamoja na sehemu ambayo Uber ilijikatia. Ikatoe kama gharama kwenye Schedule C, fomu ya mapato na gharama za aliyejiajiri, la sivyo utalipia kodi fedha ambayo haikufika mfukoni.

Kisha maili. Kwa mwaka 2025 kila maili ya kazi hupunguza mapato kwa senti 70. Aliyepata dola 18,000 na kuendesha maili 11,000 anapunguza 7,700, anabaki na faida ya 10,300. Kodi ya kujiajiri hapo ni kama dola 1,455. Bila maili ingekuwa 2,543, na hiyo ni kabla ya kodi ya mapato yenyewe. Andika kila siku tarehe, ulikokwenda, sababu na maili. Daftari lililojazwa lote Aprili kwa kukisia halikusaidii IRS wakikuhoji.

Huna fedha za kulipa? Peleka fomu hivyohivyo kabla ya Aprili 15. Adhabu ya kutopeleka ni asilimia 5 ya deni kwa mwezi, mpaka ifike 25. Ya kuchelewa kulipa ni nusu asilimia tu kwa mwezi. Baada ya hapo omba mpango wa kulipa kidogokidogo kwa fomu 9465.

Kabla ya kufungua kesi ya ufilisi

Hapa ndipo watu huumia. Taslimu ulizotoa kwa kadi zikizidi dola 1,250 ndani ya siku 70 kabla ya kufungua kesi, sheria huchukulia kwamba ulikopa kwa nia mbaya, na deni hilo linaweza kubaki shingoni. Kama unafikiria kufilisika, acha kukopa leo.

La pili ni ndugu. Ukimrudishia kaka au mama mkwe deni lake la dola 600 au zaidi ndani ya mwaka mmoja kabla ya kesi, msimamizi wa mali, yule anayeteuliwa kusimamia kesi yako, anaweza kumfuata yeye azirudishe. Zamu yako ya upatu, au likelemba kama Wakongo wanavyosema, iandike pia: fungu unalosubiri ni mali, michango unayodaiwa ni deni. Kuficha ni hatari kuliko deni lenyewe.

La tatu ni marejesho ya kodi. Yanayotokana na miezi ya kabla ya kesi ni mali, na huweza kuchukuliwa yasipolindwa na sheria za jimbo lako. Mara nyingi mawakili hushauri yapokelewe kwanza, yatumike kwa pango, chakula na ada ya wakili, risiti zikatunzwa, ndipo kesi ifunguliwe.

Kwenye Sura ya 7 (Chapter 7), aina ya ufilisi inayofuta madeni mengi bila mpango wa kuyalipa, utapita kwanza somo la ushauri wa madeni ndani ya siku 180 kabla ya kufungua. Ada ya mahakama ni dola 338, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe. Mara kesi ikifunguliwa, wadai karibu wote husimama. Kwenye mkutano na msimamizi omba mapema mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Somo la pili hufuata baada ya kesi kufunguliwa. Ukiliruka, kesi inafungwa bila madeni kufutwa.

Deni la kodi ya mapato hufutika tu ikiwa imepita miaka mitatu tangu tarehe ya mwisho ya kupeleka fomu, miwili tangu ulipoipeleka, na siku 240 tangu IRS walipoliandikisha. Asiyepeleka fomu, hesabu yake ya miaka miwili haianzi kabisa.

Na uraia? Kufilisika pekee hakuuzuii. Fomu N-400, ya kuomba uraia, huuliza kuhusu kodi isiyolipwa na fomu zisizopelekwa, kwa hiyo nenda kwenye usaili na barua ya mpango wa malipo wa IRS pamoja na risiti za miezi uliyokwishalipa.