Printa haionekani ukiingia kwenye seva ya ofisi kutoka mbali: anzia hapa

Ofisi nyingi za hapa kwetu zimepangwa hivi: seva yenye mfumo wa hesabu iko Unguja, tuseme Mlandege au Darajani, na karani wa tawi yuko Wete au Chake Chake na kompyuta yake na printa ndogo ya USB. Huingia kwenye seva kwa Remote Desktop ya Windows na kazi huenda vizuri, mpaka mteja atake ankara yake na printa isiwemo kwenye orodha. Mwongozo huu ni wa karani huyo, na wa fundi anayepigiwa simu.

Nakuomba jambo moja kabla hujagusa kitu: usifute draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia printa. Wengi huanzia hapo, na wakimaliza wana matatizo mawili badala ya moja. Programu iliyo ndani ya seva huandaa kazi, seva huituma kupitia mtandao, na kompyuta iliyo mbele yako ndiyo inayoipa printa. Tafuta kwanza imekwama wapi katika safari hiyo.

Hatua ya 1: chapa ukiwa nje ya seva. Shusha dirisha la Remote Desktop, fungua Notepad ya kompyuta yako, andika neno moja, chapa. Ikikataa, seva haihusiki. Angalia karatasi, wino na waya. Kama ulichomoa waya wa USB, urudishe kwenye tundu lile lile, maana ukibadilisha tundu Windows huweza kuongeza printa ya pili yenye jina lile lile na neno "Copy", nawe ukabaki kutuma kazi kwa ile isiyo na waya.

Hatua ya 2: iruhusu printa iingie nawe. Toka kwenye seva kwa "Sign out". Kufunga dirisha kwa alama ya X hakutoshi, kwa sababu kikao chako (kazi zako zote ulizofungua ndani ya seva) kinabaki wazi kule na ukirudi unakikuta kama ulivyokiacha. Kisha andika mstsc kwenye sehemu ya kutafutia, bofya "Show Options", nenda "Local Resources", weka tiki kwenye "Printers". Ukiwa huingia kwa kubofya faili lililowekwa kwenye deskitopu, faili hilo lina mipangilio yake lenyewe: libofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Edit", weka tiki hiyo hiyo, rudi "General" na uhifadhi.

Hatua ya 3: soma jina la printa ndani ya seva. Hapa ndipo nataka utulie. Printa iliyoingia nawe huonekana na jina lake, likifuatiwa na neno "redirected" na namba. Namba hiyo ni ya kikao chako. Leo ni 4, kesho huenda ikawa 7. Mfumo wa hesabu uliohifadhi jina la jana utaitafuta printa ya namba 4 na hautaipata, na karani ataapa kwamba printa imeharibika, kumbe nzima. Ndani ya mfumo huo usichague printa kwa jina. Uambie utumie printa chaguo-msingi (default), yaani ile inayotumika usipochagua nyingine. Halafu kwenye kompyuta yako, katika mipangilio ya printa, zima "Let Windows manage my default printer" na uiteue printa yako mwenyewe, kwani kwa kawaida ile ya kwako ndiyo inayofuatwa ndani ya kikao.

Hatua ya 4, ya msimamizi wa seva. Fungua services.msc, orodha ya huduma za Windows. "Print Spooler" (inayopanga foleni ya kuchapa) na "Remote Desktop Services UserMode Port Redirector" lazima zote ziwe zinafanya kazi. Kisha, kwenye sera za kompyuta (Group Policy) upande wa Remote Desktop Session Host, sehemu ya Printer Redirection, hakikisha "Do not allow client printer redirection" haijawashwa. Acha Easy Print, draiva ya pamoja ya Remote Desktop, itangulie. Imekuwepo tangu Windows Server 2008, na kazi yake ni kukuondolea haja ya kujaza draiva za kila printa ya kila tawi kwenye seva. Draiva moja mbovu inaweza kuangusha uchapaji wa ofisi nzima. Kwenye Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows, tukio namba 1111 lina maana seva imetafuta draiva ya printa hiyo na haikuipata.

Hatua ya 5: kazi iliyoganda kwenye foleni. Simamisha Print Spooler ndani ya services.msc, futa vilivyomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, uiwashe tena. Anza na kompyuta ya karani. Kwenye seva subiri wenzako wamalize, maana kazi zao zote zilizo kwenye foleni zitapotea.

Ikiwa inachapa ila polepole mno, tazama unachapa nini. Hati iliyoskaniwa ni nzito kwa mtandao dhaifu. Inakili faili hilo kwenye kompyuta yako na ulichape hapo.

Printa za risiti za karatasi ya milimita 80 ni jambo la peke yake. Easy Print mara nyingi huvuruga vipimo vya karatasi, maandishi yakakatika ubavuni. Kwa hizo tu, msimamizi aweke draiva ya printa hiyo kwenye seva, yenye jina lile lile herufi kwa herufi kama ilivyo kwa karani, na azime sera ya kuitanguliza Easy Print. Kisha karani atoke kwa "Sign out" na aingie upya kabla ya kujaribu.