Intaneti ya nyumbani kwenye Linux: kwa mkaaji wa Lamu, waya kwanza

Wanaonijia hapa mtaani Langoni, Lamu, na laptop kwapani huanza na neno lile lile: "Linux haishiki neti." Mara nyingi Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, imeshashika kitambo, kinachogoma ni kuta. Nyumba zetu za mawe zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, unene wa dhiraa moja hivi. Mawimbi ya Wi-Fi yakipita ukuta mmoja wa namna hiyo yamechoka, na ukuta wa pili hayauvuki. Ndiyo maana sigusi Wi-Fi ya mtu kabla sijaiona kompyuta yake ikipata intaneti kwa waya.

Fundi wa kampuni akija kufunga fiba, usimwache aondoke hujamuuliza jambo moja: ruta inaingia mtandaoni yenyewe, au kompyuta ndiyo itakayoingia kwa jina na nywila? Nyumba nyingi ruta hujiingilia, na kila kifaa unachokichomeka kinapewa anwani papo hapo. Ikiwa ni hivyo, Linux haitaki programu yoyote ya kampuni. Akikwambia "sisi tunafunga kwenye Windows tu," mmiminie chai nyingine na umwambie achomeke waya. Muombe pia nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, si ile ya Wi-Fi peke yake. Akishapanda boti, kumpata tena ni kazi.

Chomeka waya kwenye tundu lililoandikwa LAN. Lile la WAN ni la upande wa kampuni, liache. Laptop nyembamba za siku hizi hazina tundu la waya, basi azima adapta ya USB. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

ip addr

Mstari wa lo upite. Tafuta wenye jina kama enp3s0 au eth0. Ukiona NO-CARRIER, waya haujashika au umekatika, na hakuna amri itakayokusaidia mpaka uubadilishe. Ukiona inet ikifuatwa na namba kama 192.168.1.23, ruta imeshakupa anwani. Sasa andika ip route: namba inayofuata baada ya default via ndiyo ya ruta yako. Kisha pima hatua tatu, kwa mpango huu:

ping -c 4 192.168.1.1
ping -c 4 1.1.1.1
ping -c 4 wikipedia.org

Kwenye ya kwanza weka namba ya ruta yako; 1.1.1.1 ni kompyuta iliyo nje, mtandaoni. Isipojibu, tatizo liko humo ndani kwako. Ruta ikijibu na 1.1.1.1 ikakaa kimya, tatizo kwa kawaida liko kwenye ruta au kwa kampuni. Wapigie na uwaeleze hivyo hivyo, kwamba umepima kwa waya na ruta inajibu. Hilo huwa linafupisha mazungumzo. Ikiwa mbili za kwanza zinajibu na ya tatu inakataa, basi intaneti unayo, kinachokosekana ni DNS, ile huduma ya kugeuza majina kuwa namba. Tazama jina la muunganisho wako kwa nmcli connection, halafu:

nmcli connection modify "Wired connection 1" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes
nmcli connection up "Wired connection 1"

Wachache hupewa modemu tupu na karatasi ya jina na nywila. Huo ni mfumo wa PPPoE, ambao kompyuta yenyewe ndiyo inayoingia kwa jina na nywila. Andika nm-connection-editor, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua DSL/PPPoE, jaza vilivyo kwenye karatasi, basi. Huko kuna ugonjwa mmoja wa kujua: kurasa nyingine zinafunguka, nyingine zinazunguka tu bila kufika. PPPoE hula baiti 8 katika kila pakiti, kwa hiyo MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja, inatakiwa ishuke kutoka 1500 hadi 1492. Huibadilishwa kwa nmcli connection modify, kwenye kipengele cha ppp.mtu.

Waya ukishakubali, ndipo tuje kwenye Wi-Fi. Andika nmcli device. Kama hakuna mstari wa wifi kabisa, laptop yako, hasa zile za mtumba zenye kadi ya Broadcom, inataka draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi hiyo. Ukiwa na Mint au Ubuntu, fungua Driver Manager au Additional Drivers ukiwa bado umechomeka waya, uiache ipakue. Huna waya? Unganisha simu kwa kebo ya USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB, Linux huichukua kama waya. Kama mstari upo lakini umezimwa, rfkill list itakwambia: Soft blocked hufunguliwa kwa rfkill unblock wifi, na Hard blocked ni swichi au kitufe cha laptop yenyewe.

Sasa suala la mahali pa kuweka ruta, na hapa ndipo ninapogombana na akina mama wa mtaa wa Mkomani. Ruta inawekwa ndani kabisa, kwenye kidaka, kile kishimo cha ukutani cha mapambo, katikati ya sahani za kauri, kwa sababu "mwanangu, hapa ndipo panapopendeza." Panapendeza kweli. Lakini kidaka kiko kwenye ukuta wa mwisho wa nyumba, nyuma na ubavuni ni mawe, na chumba hicho ndicho kilicho mbali zaidi na kiwanda, ule ua wa katikati ya nyumba ulio wazi juu. Iweke msanani, kile chumba kirefu kinachofungukia kiwanda, juu, itazame kiwanda: uwazi ule hupeleka mawimbi ghorofani na chini bila kutoboa ukuta. Tembea na laptop ukiandika:

nmcli device wifi list --rescan yes

Soma safu ya SIGNAL. Ikishuka chini ya 40 hivi, mimi simwahidi mtu simu ya video. Safu ya CHAN nayo ina lake: 1 hadi 13 ni masafa ya 2.4 GHz, 36 na kuendelea ni 5 GHz. Ya pili ina kasi lakini mawe huikata upesi, basi vyumba vya nyuma vichagulie ya kwanza.

Chumba kikigoma kabisa, pitisha kebo. Kebo ya mtandao hufika mita 100, na nyumba ya Lamu haifiki huko. Ukiipitisha kiwandani nunua ya nje, nyeusi, maana ile ya kijivu jua huikausha mpaka ikapasuka. Usiiteremshe uchochoroni kwa kimo cha mzigo wa punda.

Chumvi ya hewani ni adui wa pole pole. Neti ikianza kukatika-katika baada ya miezi, chomoa plagi ya waya uitazame mwangani: vile vibati vidogo vya shaba vikiwa na ukijani, kata kichwa ufunge kingine. Na stima ikipotea laptop ina betri, ruta haina. Soma volti kwenye adapta yake, nyingi ni 12V, utafute betri ndogo ya kuhifadhi umeme ya kiasi hicho hicho. Nyumba ikiwa na kisanduku cha fiba mbali na ruta, nacho kinataka yake.