Kubuni jamii ya wafugaji wanaohamahama: anza na kisima

Anayetaka kuingiza kabila la wafugaji kwenye riwaya yake mara nyingi huanza na mavazi, miungu na jina. Hapo hupatikana watu wenye shanga nzuri lakini wasio na sababu ya kuwa mahali walipo. Anza na mnyama na maji. Sheria, ndoa, ibada na historia zitatoka humo, na zitashikana zenyewe. Mfano wetu hapa ni Wakelu, watu wa kubuni tu, wanaoishi katika nchi kame inayofanana na kaskazini mwa Kenya, kwa Wagabra, Warendille, Waturkana na Waborana.

Hesabu ya mifugo

Ng'ombe asiponyweshwa kila baada ya siku mbili au tatu wakati wa kiangazi hudhoofu na maziwa hukatika, kwa hiyo hawezi kulisha mbali zaidi ya mwendo wa siku moja kutoka kisimani. Mbuzi na kondoo huvumilia siku tatu, nne. Ngamia hukaa wiki nzima, na penye majani mabichi hukaa zaidi, kisha akifika majini hunywa lita 80 hadi 100 kwa mkupuo. Chagua mnyama na utakuwa umekwisha chora ramani: wenye ng'ombe watabanana karibu na visima, wenye ngamia watatawanyika.

Wakelu wapewe ngamia na mbuzi. Sasa wahesabie chakula. Mtu mzima anayeishi kwa maziwa matupu anahitaji lita tatu hivi kwa siku. Kaya ya watu sita, wakubwa na watoto, tuseme lita 15. Ngamia akishanyonyesha ndama wake huwaachia watu lita tatu, basi lazima wawepo watano wanaokamuliwa kila siku. Ngamia jike huzaa takriban kila baada ya miaka miwili na hukamuliwa karibu mwaka mmoja, maana yake nusu tu ya majike ndiyo yenye maziwa kwa wakati mmoja. Hapo umefika majike kumi. Ongeza ndama, mitamba, dume la mbegu na madume ya kubeba mizigo, unapata kundi la ngamia 20 hadi 25 kwa kaya moja. Kaya yenye ngamia wanane ni maskini, nayo itakula nafaka, itachinja mbuzi au itakaa chini ya tajiri. Tofauti za kitabaka za Wakelu zimepatikana bila kubuni mfalme hata mmoja.

Kosa linaloharibu riwaya nyingi liko kwenye muda. Mimba ya ngamia ni karibu miezi 13, na jike huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano hivi. Mhusika aliyepoteza kundi lote sura ya kwanza hawezi kuwa tajiri wa ngamia miaka miwili baadaye. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano, na mbuzi jike huanza kuzaa akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Ndiyo maana aliyefilisika huanza na mbuzi, kisha huwabadilisha kwa mnyama mkubwa. Na nyama si chakula cha kila siku. Huliwa kwenye sherehe, kwa mgonjwa, au mnyama anapokufa.

Kisima na mwenyewe

Nchi kame haina kisima kisicho na mwenyewe. Kwa Waborana, kisima kirefu kina ukoo unaohesabiwa kuwa mwenye nacho, na kuna msimamizi wa zamu, abba herrega, anayepanga nani anyweshe siku gani. Wapigie Wakelu hesabu: ngamia 100 kwa lita 80 ni lita 8,000. Kwa ndoo ya ngozi ya lita nane, hizo ni ndoo 1,000. Watu wakijipanga kwenye ngazi za kisima na kupokezana ndoo kila baada ya sekunde nne, kazi yote huchukua zaidi ya saa moja bila kupumzika, na haiendi bila wimbo wa kushika mwendo. Visima vya Waborana vimejulikana mbali kwa nyimbo hizo. Mtu mmoja hawezi kuinywesha mifugo yake peke yake, na hapo ndipo adhabu ya kutengwa inapopata makali: anayekataliwa zamu ya kisima hana haja ya kufungwa jela.

Kuhama

Wafugaji hawahami ovyo. Chora mzunguko wa miezi 12 wenye sababu nne: mvua, maji, chumvi na ugonjwa. Hii ya mwisho husahaulika kabisa. Wamasai wa Ngorongoro huwatoa ng'ombe kwenye nyanda za nyasi fupi nyumbu wanapozaa, kati ya Januari na Machi, kwa sababu nyumbu wachanga hueneza ugonjwa unaoua ng'ombe. Nyasi zipo tele, lakini haziliwi. Wape Wakelu bonde moja la namna hiyo, zuri machoni na lenye mbung'o, na kila msomaji ataelewa kwa nini limeachwa wazi.

Kundi linalolisha njiani huenda kilomita 10 hadi 15 kwa siku. Msafara wa mizigo huweza 30. Ngamia wa mizigo hubeba kilo 150 hadi 200, punda 50 au 60. Kitu kisichoingia kwenye hesabu hiyo Wakelu hawana: vyungu vikubwa, meza, sanamu za mawe. Nyumba ni miti iliyopindwa, mikeka ya nyuzi na ngozi. Kwa Wagabra na Warendille wanawake ndio hujenga nyumba, huivunja na kuifunga juu ya ngamia, na nyumba ni yao. Ukifuata desturi hiyo, mume aliyegombana na mkewe ndiye anayelala nje.

Ngamia na mbuzi hawaendi mwendo mmoja wala hawalishi mahali pamoja, kwa hiyo kaya hugawanyika. Vijana huenda na wanyama wasio na maziwa kwenye kambi za mbali, zinazoitwa fora huko kaskazini, na wazee na watoto hubaki na wanaokamuliwa. Mapenzi, uasi na uvamizi wa Wakelu vitazaliwa katika kambi hizo.

Majirani

Jamii ya wafugaji isiyo na wakulima jirani haijakamilika. Nafaka, vyuma na tumbaku hutoka kwao. Wanawake wa Kikuyu na wa Kimasai waliendelea kufanya biashara hata wanaume wao walipokuwa vitani. Amua nani ana ruhusa hiyo kwa Wakelu, na anabeba ishara gani.

Historia

Watu wasioandika hawakosi kalenda. Waborana hupima zamani kwa vipindi vya miaka minane vya uongozi wa gada, mfumo wao wa kupokezana madaraka, Wamasai kwa marika, na Wagabra huita miaka kwa majina ya siku za wiki katika mzunguko wa miaka saba. Chagua kipimo kimoja, kisha usiandike kamwe "miaka 300 iliyopita" kinywani mwa mzee wa Kikelu.

Weka jeraha moja kubwa. Mfano wa kweli ni Wamasai: homa ya mapafu ya ng'ombe miaka ya 1880, sotoka, ugonjwa mwingine wa ng'ombe, mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha ndui. Waliofilisika walikimbilia kwa wakulima, wengine wakawaacha watoto huko ili wapate chakula. Vita kati ya koo vikafuata, kisha mikataba ya 1904 na 1911 iliyowaondolea ardhi nchini Kenya. Angalia mnyororo: ugonjwa, njaa, udhaifu, kupoteza ardhi. Jeraha la Wakelu nalo lipitie ngazi kama hizo, na liache alama zinazoonekana, kwa mfano ukoo usiokula kwa jirani fulani, au deni la mtamba ambalo wajukuu bado wanalidai.

Hadithi ya asili nayo ifanye kazi. Wamasai husimulia kwamba Mungu aliwateremshia ng'ombe kutoka mbinguni. Anayeamini hivyo, akichukua ng'ombe wa mwingine, anaona amerudisha chake. Wakelu wawe na angalau masimulizi mawili yanayopingana kuhusu nani alichimba kisima kikuu, kila ukoo na lake, kwa kuwa anayeshinda ubishi huo ndiye anayepanga zamu.

Kuwajaribu

Kabla ya kuandika sura ya kwanza, chora jedwali la miezi 12: wako wapi, wananyweshea wapi, maziwa ni lita ngapi, nani yuko kambini. Kisha futa mvua za Machi hadi Mei. Kama hakuna kinachobadilika kwenye jedwali, umeandika watu wa kijijini waliovikwa nguo za safari. Rudi kwenye umbali wa visima, uongeze kilomita 20, uhesabu upya.