Maua ya Matunguu Tabora: Mvua Huyaamsha, Majani Huyalisha

Tulipu za Uholanzi hupendeza sana pichani, lakini usitumie fedha yako kuzipanda hapa Tabora, iwe Ipuli au Isevya. Tunguu la tulipu, yaani kile kinachofanana na kitunguu ambacho ua huchipua kutoka humo, hutaka kukaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi joto 9 kwa wiki 12 au zaidi ndipo litoe kikonyo kirefu na ua la maana. Tabora, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, haina baridi ya kudumu kiasi hicho hata Julai.

Kwetu kinachoamsha matunguu ni mvua. Yapo yanayolala kiangazi chote na kuchanua mvua zinapoanza, kati ya Oktoba na Desemba: amarilisi yenye maua makubwa mekundu, krinamu yenye maua meupe yaliyopigwa mistari ya waridi, na lile ua jekundu la mviringo kama mpira linalojiotea porini kwenye miombo, ambalo kitaalamu huitwa Scadoxus multiflorus. Hayo ndiyo ya kuanza nayo.

Panda kuanzia mwishoni mwa Septemba, kabla mvua hazijakolea. Chagua tunguu gumu, zito, lisilobonyea ukilibana kwa dole gumba. Amarilisi huachwa shingo na mabega nje ya udongo, na lile la mviringo shingo yake iwe usawa wa ardhi. Acha sentimita 30 kati ya shina na shina. Udongo wetu wa kichanga unafaa. Kama kiwanja chako kiko chini mbugani, ambako udongo mzito hushika maji, inua matuta kama ya viazi, kwa sababu tunguu lililokaa kwenye maji huoza kabla hujaliona ua. Chini ya mwembe usipande: kivuli chake ni kizito na mizizi yake hunyang'anya maji.

Sasa jambo linaloharibu maua mengi mjini kwetu. Ua likishanyauka, watu hufyeka majani ili uwanja uonekane safi. Usifanye hivyo! Majani yale ndiyo yanayotengeneza chakula na kukiweka akiba ndani ya tunguu, na kwa amarilisi ua la msimu ujao huumbwa humo ndani wakati majani bado mabichi. Ukiyakata Januari, Novemba utapata majani matupu. Kata kikonyo cha ua tu, kabla hakijafunga mbegu. Majani yaache mpaka yawe manjano yenyewe, kwa kawaida mvua zikishakatika mwezi Mei. Yakikukera macho, panda kando yake maua mafupi ya kuyaficha.

Kipindi hicho cha majani ndicho pia cha kulisha. Tumia samadi iliyooza vizuri. Mbichi huunguza mizizi na kukaribisha uozo. Aliye na mbolea ya tumbaku, NPK 10:18:24, anayo mbolea nzuri kwa kazi hii, kwani ina potasiamu nyingi na naitrojeni kiasi. Kijiko kimoja cha chai kwa kila shina kinatosha, ukikizungusha mbali kidogo na shingo. Urea sishauri kabisa: huleta majani mengi na tunguu laini. Mvua zikisimama kwa wiki mbili katikati ya msimu, mwagilia. Kiangazi acha pakauke.

Kagua upande wa chini wa majani kila baada ya siku chache. Kiwavi mweusi mwenye madoa meupe au ya manjano hutoboa jani na kushuka hadi kwenye tunguu. Mwokote kwa mkono mapema, maana akishaingia ndani dawa ya kupuliza haimfikii. Fuko naye hula matunguu. Palipo na vichuguu vyake, panda ndani ya ndoo iliyotobolewa chini.

Baada ya miaka mitatu au minne shina likibanana, chimbua kiangazi matunguu yakiwa yamelala, tenga vitoto, ukaushe kivulini siku chache kabla ya kupanda tena. Na tafadhali, matunguu haya yana sumu. Usiyahifadhi jikoni wala kwenye gunia lililokuwa la vitunguu vya mboga, wala usiyaache mahali watoto au mbuzi wanapofika. Vaa glavu unapoyagawa, kwani utomvu wake huwasha ngozi.