Somo: Fukusi wa migomba, kutoka kihambani (shamba la migomba la nyumbani) hadi apate lebo na jina

Wadau, habari za jioni. Wengi mmeniomba nieleze kazi yangu kwa vitendo, tangu mdudu anapokamatwa hadi anapojulikana jina. Nimechagua mdudu mmoja tu, yule ambaye kila nyumba yenye migomba hapa Moshi inamjua: fukusi. Ukimmudu huyu, wengine hawatakushinda.

Kwa asiyenifahamu, mimi ni binti wa Uru. Nimesomea entomolojia, yaani elimu ya wadudu, na ndani yake nafanya taksonomia, yaani kutenganisha spishi (aina moja ya kiumbe) na spishi, kuzipanga kwa undugu wao, na kuhakikisha kila moja inaitwa kwa jina lake. Wadudu waliokwisha kupewa majina ya kisayansi ni takribani milioni moja, na kati yao mbawakawa (wadudu ambao mabawa yao ya mbele ni ganda gumu) peke yao wanakaribia 400,000. Fukusi ni mmoja wa mbawakawa.

HATUA YA 1: Kumkamata

Fukusi hutembea usiku. Mchana hujificha penye unyevu. Tafuta mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, kata kipande cha shina kama sentimita 30, kipasue katikati kwa urefu, kisha ukilaze chini karibu na shina lingine, upande wa ndani utazame udongo. Ukae siku mbili au tatu, ufunue asubuhi. Utamkuta ameganda, miguu ameikunja, ukadhani amekufa. Hajafa, ndivyo anavyojiokoa. Mchukue kwa vidole, haumi.

Palepale, kabla hujainuka, andika ulipo, tarehe, na mwinuko kutoka usawa wa bahari kama simu yako inausoma. Nitarudi kwenye hili.

HATUA YA 2: Kumuua

Tumia chupa ya jamu yenye mfuniko wa kukaza. Chini mimina jasi ya POP, iache ikauke, kisha idondoshee ithaili asetati (kemikali ya majimaji ambayo mvuke wake huua wadudu). Kama huna, friza linatosha, ila fukusi ni sugu, mwache siku mbili. Mama aligoma kabisa nilipoweka wadudu karibu na samaki wake. Nilinunua kikopo cha plastiki kisichopitisha kitu, nikakiandika jina, ikawa amani. Kama unamtaka kwa ajili ya vinasaba, mtie moja kwa moja kwenye ethanoli ya asilimia 95.

HATUA YA 3: Kumchoma pini

Pini za fundi cherehani hazifai. Ni fupi, ni nene, na hushika kutu. Kutu hiyo huvimba ndani ya mwili wa mdudu hadi ukapasuka. Pini za wadudu ni za chuma kisichoshika kutu, zina urefu wa milimita 38, na unene wake huenda kwa namba. Kwa fukusi natumia namba 2. Madukani kwetu sijazikuta, kwa hiyo tunachangishana watu kadhaa tunaagiza pakiti kwa pamoja.

Mbawakawa huchomwa kwenye bawa gumu la kulia, sehemu ya mbele, na si katikati. Ukipita katikati unayatenga mabawa mawili na kuharibu alama zilizo kwenye mstari wa kati. Ukipita kulia, hata ukikwaruza kitu, upande wa kushoto unabaki mzima na atakayekuja kumsoma atauona.

Sasa angalia mkono wako. Bawa la fukusi ni jeusi, linang'aa, lina mistari ya vitundu vidogovidogo, na ni gumu kweli. Ukisukuma kwa pupa, pini inapinda au inateleza na kumchana. Mimi huishika pini chini karibu na ncha kwa koleo ndogo, naikandamiza huku naizungusha taratibu, hadi nahisi ganda limekubali. Hapo nahamisha vidole juu na kushusha. Kwa chini itokee kati ya mguu wa kati na wa nyuma, isivunje paja. Juu yake ibaki kama sentimita moja ya kushikia.

Mlaze kwenye kipande cha ndala kuukuu (spongi yake ni nzuri mno kwa kazi hii), panga miguu na papasi (vipapasio vya kichwani) kwa pini za pembeni, umwache wiki nzima akauke. Miguu ya meza iwe ndani ya vikopo vya maji yenye mafuta ya taa. Usipofanya hivyo, sisimizi watambeba vipandevipande usiku mmoja.

Kwa wengine, kwa kifupi: kipepeo na nondo pini hupita katikati ya kifua, nzi, kifuani kulia kidogo mwa mstari wa kati, panzi, nyuma ya ngao ya shingo, upande wa kulia. Mdudu mdogo kuliko punje ya mchele usimchome, mgandishe kwa gundi kwenye ncha ya pembetatu ya karatasi ngumu, pini ipite kwenye karatasi.

HATUA YA 4: Lebo

Hapa ndipo ninapowaomba msome polepole. Mdudu asiye na lebo si sampuli, hata awe mzuri namna gani.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nawapa wadudu namba tu, na maelezo nayaandika daftarini. Daftari likapotea kwenye daladala. Nikabaki na wadudu 47, wamechomwa vizuri, miguu imepangwa, na hakuna hata mmoja ninayeweza kusema ametoka wapi. Kulikuwa na mbawakawa mmoja wa kijani kilichochanganyika na dhahabu ambaye sijakutana naye tena mpaka leo. Sijui kama nilimtoa Uru au kule chini tambarare. Tangu siku hiyo lebo yangu huwa tayari kabla mdudu hajakauka.

Lebo ya fukusi wangu inasomeka hivi:

TANZANIA: Kilimanjaro, Moshi Vijijini, Uru
3.29°S 37.37°E, 1150 m
14.iii.2024, kihambani,
mtego wa kipande cha mgomba

Chini yake jina la aliyekamata. Mwezi tunauandika kwa tarakimu za Kirumi kwa sababu 3/4 mmoja atasoma tatu Aprili na mwingine nne Machi. Karatasi iwe ngumu, isiyo na asidi, na wino uwe ule usiofutika. Kalamu ya kawaida hufifia, na ndani ya spiriti huyeyuka wote. Kama huna wino mzuri, penseli ni bora mara kumi.

Mnataka kujua kwa nini nang'ang'ania hivi? Mwaka 1905 na 1906 alikuja Msweden mmoja, Yngve Sjöstedt, akakusanya wadudu Kilimanjaro na Meru. Matokeo yakachapishwa Stockholm mwaka 1910, majuzuu makubwa, na spishi nyingi za huku kwetu zilipata majina yao ya kwanza humo. Lebo zake nyingi zimeandikwa "Kilimandjaro, Kibonoto". Mtu wa mbali atahangaika na ramani. Mimi na wewe tunajua ni Kibong'oto, tunaijua barabara na tunaijua mvua yake. Na kwa kuwa aliandika pia mwinuko kwa mita na akataja kama ni eneo la mashamba, leo naweza kupanda mahali palepale na kuuliza: yule panzi bado yupo kimo kile, au amehama? Watu wote waliofanya safari ile wamekwisha kufa, lakini lebo zao zinanijibu.

HATUA YA 5: Kumtambua

Tunatumia ufunguo wa utambuzi: kauli mbili mbili, unachagua inayolingana na mdudu wako, inakupeleka kwenye jozi nyingine, hadi ufike. Kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10 utaona mdomo mrefu uliopinda chini, na papasi zilizokunjika kama kiwiko. Hapo umefika kwa jamii ya fukusi. Kuendelea hadi spishi unahitaji hadubini, na inabidi uhesabu pingili za papasi na utazame nyayo.

Jina kamili la fukusi wa migomba huandikwa Cosmopolites sordidus (Germar, 1824). Germar ndiye aliyemwelezea kwa mara ya kwanza mwaka huo. Mabano si pambo: yanakuambia kwamba Germar alimweka kwenye jenasi (kundi la spishi ndugu) nyingine, na wengine wakamhamisha baadaye. Kama hakuna mabano, hajahama. Ukiyasahau mabano umesema jambo lisilo kweli.

HATUA YA 6: Kumtunza

Sanduku la mbao au plastiki linalofunga barabara, vidonge vya naftalini pembeni, na kila sanduku jipya lipite friza wiki nzima kabla ya kuingia kabatini. Kuna mbawakawa wadogo wenye manyoya ambao funza wao hula wadudu wakavu. Niliwahi kufunguliwa kabati mahali fulani nikakuta safu za pini zimesimama wima, lebo zimeandikwa kwa mwandiko mzuri ajabu, na chini ya kila lebo kijivumbi cha kahawia. Mdudu hayupo. Niliondoka pale nikiwa mnyonge siku nzima.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Kiboriloni: Dada, hizi simu zina kamera kali. Picha haitoshi mpaka tuue?

Jibu: Kaka, kwa vipepeo wengi na kereng'ende, picha nzuri yenye mahali na tarehe inafaa sana, nami hupiga. Lakini kuna spishi zinazotofautiana kwa viungo vya uzazi tu, navyo viko ndani ya fumbatio (tumbo la mdudu). Hapo inabidi kulikata fumbatio, kulilainisha kwenye potasiamu haidroksaidi na kutazama kwa hadubini. Naua wale ninaowahitaji, na kila niliyemuua namfanyia kazi yote. Kukamata mia ukawaacha waoze kwenye chupa ni vibaya.

Mkulima wa maembe, Kahe: Mwanangu, jina la Kilatini linanisaidia nini mimi? Nzi ni nzi.

Jibu: Shikamoo mzee. Naomba nikupe kisa cha nzi huyohuyo anayekuozeshea maembe. Mwaka 2003 aligunduliwa Kenya, nzi mgeni. Mwaka 2005 wataalamu wakampa jina jipya, Bactrocera invadens, wakiamini ni spishi ya peke yake. Baada ya kulinganisha maumbo, vinasaba, hata namna wanavyopandana, ikathibitika ni Bactrocera dorsalis, nzi wa Asia aliyepewa jina tangu 1912, na mwaka 2015 hilo likachapishwa. Maana yake kwako: yote waliyokwisha kujifunza kule Asia juu ya mitego na dawa za kumvuta yanamhusu na wa kwako. Jina ndilo linalofungua kabati la maarifa ya wengine, mzee wangu.

Mwanafunzi, Tengeru: Da, kazi zipo kweli? Nyumbani wanasema nimepotea njia.

Jibu: Mdogo wangu, sitakudanganya. Nafasi iliyoandikwa "mtaksonomia wa wadudu" ni adimu. Ila wanaohitaji mtu wa kutambua wadudu wapo: TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) hapo Arusha, TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa) Lyamungo, TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), vyuo, na miradi ya utafiti inayokuja na kuondoka. Mimi nusu ya kipato changu ni kutambua sampuli za watu wengine. Jifunze kundi moja dogo kwa kina, mpaka mtu akikwama awe hana pa kwenda ila kwako. Na nyumbani uwapeleke shambani uwaonyeshe. Baba yangu aliacha kuuliza siku nilipomwonyesha funza wa fukusi ndani ya tunguu la mgomba wake ulioanguka.

Mdau wa Marangu: Naweza kupanda na neti hadi msituni?

Jibu: Bila kibali, hapana. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hakusanywi kitu bila ruhusa, na utafiti una taratibu zake COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI. Kupeleka sampuli nje ya nchi nako kuna kibali chake. Anza kihambani kwenu. Humo mna kazi ya miaka kumi.

Mama wa Sakina, Arusha: Nikipata mdudu mpya naweza kumpa jina la bibi yangu?

Jibu: Ndiyo, mama, na ni heshima nzuri. Jina la mwanamke kwa kawaida humalizikia na -ae, la mwanamume na -i. Lakini jina halisimami kwa kulitamka. Lazima uchapishe maelezo, uoneshe anavyotofautiana na ndugu zake, uteue sampuli moja iwe holotaipu (kielelezo rasmi cha jina hilo), na useme imehifadhiwa wapi. Sehemu ngumu ni kuhakikisha hajawahi kupewa jina na mtu mwingine. Hapo ndipo miaka huishia.

Mkulima, Usa River: Dada, mahindi yangu yana viwavi, wamekaa ndani ya kikonyo, pale majani machanga yanapochomoza. Ni viwavijeshi vamizi au wale wa zamani?

Jibu: Tazama kichwa. Ukiona mstari mweupe wa umbo la Y iliyopinduliwa, kisha kwenye pingili ya pili kutoka mwisho madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba, huyo ni vamizi, Spodoptera frugiperda. Kukaa kwake ndani ya kikonyo pia kunaelekea huko. Wale wa zamani mara nyingi huenda kwa makundi juu ya majani. Muone afisa ugani leo, usisubiri. Ukiweza, niwekee viwavi watano kwenye kichupa cha spiriti, na ndani ya kichupa hichohicho tia karatasi iliyoandikwa kwa penseli: kijiji, tarehe, aina ya mbegu, na jina lako.