Somo: Kupima mwanya wa plagi kwenye gari la zamani

Assalam alaykum ndugu wanachama.

Miaka michache nyuma nilinunua plagi nne mpya, nikazitoa boksini na kuzifunga vilevile kwenye Corolla yangu ya injini ya 4K. Mjini Mombasa, kutoka Makupa hadi Nyali, gari halikuwa na neno. Siku niliyopakia familia kwenda Mariakani, tulipoanza kupanda kilima cha Mazeras likamisi (yaani silinda nyingine zikawa haziwaki), likapiga mishindo kwenye ekzosi, na malori yakawa yanatupigia honi nyuma. Nikasafisha kabureta, nikabadilisha chujio la petroli, wapi! Kumbe kosa lilikuwa limeandikwa kwenye plagi zenyewe: NGK BP5ES-11. Hiyo 11 ya mwisho maana yake mwanya, yaani nafasi inaporuka cheche kwenye ncha ya plagi, umewekwa kiwandani milimita 1.1. Injini yangu ya pointi (swichi ndogo ya zamani inayokata na kuunga umeme ili cheche itoke) inataka 0.8.

Kwa nini kilimani na si mjini? Ukikanyaga mafuta, silinda hujaa zaidi na mgandamizo hupanda, na cheche hupata taabu kuruka kwenye hewa iliyobanwa. Koili ya mfumo wa pointi, ile inayokuza umeme wa betri kwa ajili ya cheche, haina nguvu kama za magari ya kisasa. Mwanya ukizidi upana, umeme unashindwa kuvuka au unatoroka kupitia waya na kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa umeme kwa kila plagi. Na ukiwa mwembamba mno, cheche huwa ndogo, haiwashi mchanganyiko vizuri, gari likatetemeka likiwa limesimama.

Tafuta spana ya plagi (za zamani nyingi ni namba 21), brashi laini ya waya, kitambaa kikavu, na fila geji, yale mabati membamba yanayofunguka kama kisu cha mfukoni. Kipimo cha gari lako kisome kwenye kitabu chake au kibandiko chini ya boneti. Usichukue cha jirani.

Hatua ya 1. Acha injini ipoe kabisa. Hedi ya aluminiamu (kichwa cha injini, ambamo plagi hufungwa) ikiwa moto, nyuzi za tundu la plagi zinaweza kung'oka pamoja na plagi.

Hatua ya 2. Tia alama kila waya, kisha uvute kwa kushika kofia yake, si waya wenyewe. Silinda za injini za K, kama hii 4K yangu, huwaka kwa mpangilio wa 1-2-4-3, si 1-3-4-2 kama nyingi za silinda nne, na mafundi wazuri wameshakosea hapo. Puliza mchanga ulio kuzunguka plagi kabla hujafungua, la sivyo utaangukia ndani ya silinda.

Hatua ya 3. Zipange plagi kwa mpangilio wa silinda, uziangalie. Rangi ya kahawia nyepesi ni heri. Piga brashi taratibu, futa kauri, ile sehemu nyeupe ya plagi.

Hatua ya 4, na hapa usiwe na haraka. Chagua ubati wa kipimo cha gari lako (kwangu 0.8), uingize kati ya ncha ya katikati na kile kikono kilichopinda juu yake. Unatakiwa upite ukisugua kidogo pande zote mbili, na ubati wa 0.9 ukatae. Ukipita bila kugusa, mwanya ni mpana. Kwa plagi iliyotumika, elekeza ncha kwenye mwanga wa jua uichunguze: chini ya kikono utaona kishimo kilicholika. Ubati ulionyooka hupita juu ya kishimo hicho, ukakuambia 0.8 ilhali cheche inaruka zaidi. Plagi ya namna hiyo ipime kwa geji ya waya wa mviringo. Kama ncha imelika sana, itupe.

Hatua ya 5. Kupunguza mwanya, gonga kikono polepole juu ya ubao mgumu, pima, gonga tena. Kuongeza, kiinue kwa kile kindoano cha geji. Usiingize bisibisi ukaegemea ncha ya katikati, kwani kauri ikipata ufa hutauona, lakini gari litamisi.

Hatua ya 6. Rudisha kwa vidole mpaka plagi ikae. Ikigoma, itoe uanze upya, usilazimishe kwa spana. Plagi mpya yenye washa (ile pete ya chuma shingoni mwake), ikaze nusu mzunguko baada ya kukaa. Usipake grisi, utakaza kupita kiasi bila kujijua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kisauni: Fundi wetu anapimia kwa bledi ya msumeno wa chuma. Inafaa?

Jibu: Kaka, mwili wa bledi una unene wa kama 0.6, na meno yake yamepindishwa huku na huku kwa hiyo ni mapana zaidi. Kwa Volkswagen Beetle, ambayo mwanya wake ni mwembamba, inaweza kukufikisha nyumbani. Kwa gari la 0.8 mwanya utakuwa mwembamba. Nunua geji, utaitumia na kwenye pointi pia.

Mwanachama wa Likoni: Nakaa sana kwenye foleni ya feri injini ikiwaka. Plagi zinatoka nyeusi. Nipanue mwanya?

Jibu: Hapana, dada yangu. Masizi makavu ni petroli nyingi mno, angalia choki na kabureta. Weusi ukiwa na majimaji ya oili, hapo oili inapenya ndani, peleka gari kwa fundi apime mgandamizo.

Mwanachama wa Majengo: Nimeondoa pointi, nimeweka mfumo wa elektroniki. Niende 1.1?

Jibu: Umebadilisha na koili? Kama koili ni ileile ya zamani, baki 0.8. Kama ni mpya yenye nguvu, fuata karatasi iliyokuja nayo.

Mwanachama wa Mtwapa: Mwanya nimeuweka sawa, lakini asubuhi za masika bado linamisi.

Jibu: Bahari iko karibu nawe, ami. Chumvi ya hewani hushika juu ya waya na kifuniko cha distribyuta, na ikipata unyevu hupitisha umeme. Usiku fungua boneti injini ikiwaka, usiguse kitu, uangalie tu. Ukiona vicheche vya buluu vinatambaa juu ya waya, umeshapata ugonjwa. Zima, futa kifuniko nje na ndani kwa kitambaa kikavu, na waya uliochoka ubadilishe.